Kilima Alichokikataa Mbolea

Siku ya kugawana mashamba ya baba yao, Mbolea alipewa haki ya kifungua mimba, achague kwanza. Hakufikiri mara mbili. Alichukua shamba la bondeni, lenye udongo mweusi unaonata miguuni, akamwachia dada yake mdogo kilima. Kilima chenyewe kilikuwa mawe ya chokaa matupu, na juu yake mizabibu ya babu yao, vigogo vilivyopinda migongo. Watu walimwonea huruma yule dada. Mbolea naye alimwonea huruma, tena kwa sauti, kila alipopata wa kumsikiliza.

Jina la Mbolea hakulipata bure. Alikuwa na ng'ombe wengi na imani moja: mmea ukila vizuri utazaa vizuri. Mizabibu yake ilizaa mpaka matawi yakategemezwa kwa miti. Zabibu zake zilikwenda kwa fundi mvinyo, ambaye humimina za wakulima wote katika tangi moja, akatoa mvinyo usio na sifa wala aibu.

Za dada yake fundi alizionja, akazionja tena. Mwaka uliofuata alizikamua peke yake, na kwenye chupa akaandika Kilima. Mbolea alipouliza kulikoni, fundi alimweleza kuwa mizizi ile mizee imepenya nyufa za mawe kutafuta maji, na zabibu zake hutoka chache, ndogo, za ganda nene, zenye ladha ya palepale na si kwingine. Mzabibu wa bondeni umekalia chakula, hauna haja ya kutafuta kitu.

"Ukiulisha huu wa kilimani," fundi alisema, "umeuharibu."

Watu husema hasidi hana sababu. Huyu alikuwa nayo, tena aliichagua mwenyewe, na hilo ndilo lililomchoma. Angedhulumiwa, angelala usingizi. Akiiona chupa ya Kilima mezani kwa mtu, chakula kilimshuka kama mchanga. Mbele ya dada yake alicheka na kumpongeza. Akirudi nyumbani, mkewe alisikia habari za kilima mpaka akaomba wazungumzie hata magonjwa.

Kisha binti wa dada yake akajifungua kwa shida huko mji wa mbali, ikabidi mama yake aende kumuuguza. Hakuwa na mwingine wa kumwachia shamba. Alimwomba kaka yake amwangalizie tu, asihangaike na kitu. Mbolea akamwambia aende salama, damu nzito kuliko maji.

Mkokoteni wa kwanza wa samadi ulipanda kilima wiki hiyohiyo. Alijiambia anasaidia. Kwa wa pili hakujiambia kitu. Mvua zikanyesha vizuri, samadi ikashuka mizizini, na dada yake aliporudi alikuta majani mapana na vishada vinene ambavyo kilima hakikuwahi kuvibeba. Fundi alionja, akatema, akatikisa kichwa. Mwaka ule Kilima hakikupata chupa yake. Zabibu zilimwagwa kwenye tangi la wote.

Dada mtu alimfuata zizini. Hakupiga kelele.

"Naijua samadi ya ng'ombe wako, kaka. Ulitaka tulingane. Haya, tumelingana."

Mbolea alijitetea kwamba nia yake ilikuwa njema. Tuseme ukweli: alifurahi. Alilala usingizi ambao hakuwa ameulala miaka mingi.

Usingizi huo ulidumu mpaka tangi lilipofunguliwa. Wakulima walikusanyika uani kwa fundi kuonja, wakitegemea yaleyale ya kila mwaka. Wa kwanza kuonja aliomba tena. Mwingine akamuuliza fundi amefanya nini, maana tangi la wote halijawahi kutoa mvinyo wa namna hii.

"Mimi sijafanya kitu," fundi alijibu. "Ni zile za kilimani. Pamoja na kuharibiwa kwake, zimewabeba nyote."

Macho yote yakamgeukia dada yake. Mbolea alisimama na kikombe kitupu, wivu umemrudia upya, mkali kuliko ule wa zamani. Alikuwa amekishusha kilima kwa mikono yake, na bado kilikuwa juu yake. Dada yake akapita na jagi akiwamiminia watu, akamfikia, akamjazia mpaka ukingoni.

"Kunywa, kaka," alimwambia. "Na samadi yako imo."