Rakan Aomba Kushushwa Cheo

Rakan alipofanywa kiongozi wa timu, baba yake alinunua baklawa, vile vitafunio vitamu vya asali, akapita navyo mlango kwa mlango katika jengo lao mtaani Jabal al-Hussein. Mzee huyo, Abu Rakan kwa majirani, alikuwa amestaafu posta, ambako alipanga barua maisha yake yote chini ya mabosi waliokuja na kuondoka, wengine wadogo wake kwa umri. Yeye mwenyewe hakuwahi kuitwa bosi na mtu yeyote. Sasa mwanawe ameitwa. Basi akatembea kifua mbele mpaka kwa jirani wa ghorofa ya juu, ambaye walikuwa hawasemezani naye.

"Kazi gani hasa?" jirani akauliza, akichagua kipande kikubwa.

"Anaongoza wahandisi wa kompyuta. Wanaandika programu ambazo maduka ya dawa yanatumia. Akisema simameni, wanasimama."

Ukweli ni kwamba Rakan hakujua kumwambia mtu asimame. Alichojua ni kuandika programu. Tangu chuoni alikuwa na jicho la kunasa makosa. Tatizo lililowatoa wenzake jasho asubuhi nzima, yeye alilipata kabla chai yake haijapoa. Ndiyo sababu walimpa cheo. Katika ofisi yao, karibu na kipilefti cha Mzunguko wa Saba, aliyekuwa hodari wa kazi alituzwa kwa kuondolewa kwenye kazi hiyo.

Siku zake zikajaa mikutano. Alirudi nyumbani amechoka asijue amechoshwa na nini. Kilichombakia cha ule uhondo wa zamani ni kukagua kazi za wenzake kabla hazijaingizwa kwenye mfumo, na hapo ndipo alipoteleza. Mwanzo alibadilisha mstari mmoja uliomkera. Baadaye akawa anabadilisha ukurasa. Mwishowe akawa anachukua kazi ya mtu, anaifuta, anaiandika upya kwa namna yake. Hakumfokea mtu wala kumsema. Aliamini kwa dhati kwamba anawasaidia.

Katika timu hiyo alikuwamo Hala Qandah, mhandisi wa rika lake, mwanamke mcheshi asiyependa kupaza sauti. Hala alikuwa ametumia wiki kadhaa kutengeneza onyo la kumzindua mfamasia pale dawa mbili zinapogongana mwilini mwa mgonjwa. Alikwenda kukaa madukani, akawatazama wafamasia wakihudumia watu huku wateja wengine wakigonga meza kwa funguo zao. Alhamisi akaiwasilisha kazi. Ijumaa, siku yao ya mapumziko, baada ya chakula cha mchana, Rakan alijifungia chumbani na kompyuta yake, akaiandika yote upya. Ikatoka fupi, nyepesi, ya kupendeza. Mkewe Dima alimsikia akipiga mluzi.

Jumapili asubuhi, wiki ya kazi ilipoanza, Hala alikuja mezani kwake na kikombe cha kahawa mkononi.

"Rakan, kazi yangu iko wapi?"

"Ipo. Nimeinyoosha kidogo tu."

"Kidogo? Umebakisha jina langu, ndugu yangu. Hata hilo sijui limekuponyoka vipi."

"Ilikuwa nzito, Hala. Sasa inakwenda kasi."

"Lile onyo lilikuwa linasubiri kidogo kabla ya kutokea. Umeliona hilo?"

"Nimeliona. Nimeliondoa."

"Nililisubirisha makusudi. Mfamasia anaandika dawa zote kwanza, ndipo anainua macho. Onyo likimrukia katikati, analifunga bila kusoma neno. Nimewaona kwa macho yangu." Akanywa funda la kahawa. "Ungeniuliza, ningekwambia. Hukuniuliza."

Yazan, aliyekaa meza ya pili, akadakia kupoza mambo. "Wee Hala, mbona hujazoea tu? Mimi siku hizi naandika nusu. Nusu nyingine namwachia bosi, Ijumaa."

Chumba kizima kikacheka. Rakan naye akacheka, kisha akaona kwamba hakuna aliyeshangaa. Walikuwa wamelizungumza jambo hili siku nyingi.

Hala akarudi mezani kwake. Rakan akafungua kazi za miezi iliyopita, akazisoma moja baada ya nyingine. Yazan hakutania. Watu aliowakuta wakiwa wakali, wabishi, wanaojali, walikuwa wanaleta vitu vya ovyo, vimeshonwa kwa haraka, kwa kuwa walijua vitafumuliwa. Alikuwa akiwapenda watu hawa, na kwa mikono yake mwenyewe amewazoesha kutojali.

Siku hiyo hiyo aliwaita wote. Hakuwa msemaji.

"Nimekuwa nafuta kazi zenu," akasema. "Nikadhani ndiko kuongoza. Hala, nimekukosea, na nakuomba radhi mbele ya wenzako. Kazi yako nimeirudisha kama ulivyoileta."

Hala aliitikia kwa kichwa taratibu, macho yakiwa mekundu. Yazan alianza kuikunja karatasi iliyokuwa mbele yake.

Kisha Rakan akapanda ghorofa ya juu kwa Lubna, mkurugenzi wao, akamwomba amshushe cheo.

"Watu huja hapa kuomba kupandishwa," Lubna akasema. "Wewe umekosea mlango?"

"Sijakosea."

"Kila mtu anaboronga mwanzoni, Rakan. Ungenikuta mimi mwaka wangu wa kwanza, ungenihurumia."

"Huenda na mimi nikajifunza. Lakini nikiamka asubuhi, ninachokitamani ni kuandika. Hayo mengine nayafanya kama adhabu, na wao wanaisikia."

"Basi nani ashike?"

"Hala. Mtu akikwama anakwenda kwake kabla ya kuja kwangu. Nilikuwa nikiliona hilo, naona wivu."

"Atakuwa mkuu wako. Atakagua kazi yako."

"Aikague."

Lubna akacheka kwa upole. "Nenda. Leo umeniongozea timu vizuri kuliko siku zote."

Kumwambia Lubna kulikuwa rahisi. Kwa baba yake, Rakan alingoja mpaka wakutane kwa chakula cha Ijumaa, wali wa nyama wa maqluba. Alipoambiwa, mzee akaweka kijiko chini.

"Umeiba?"

"Hapana, baba."

"Umegombana na wakubwa?"

"Nimeomba mwenyewe."

"Mtu anaomba kushushwa! Na mkuu wako sasa nani?"

"Hala."

"Si ndiye uliyekuwa mkuu wake?"

"Ndiye."

Mzee akainuka kwenda kunawa mikono, na sahani yake bado imejaa. Tangu siku hiyo, Rakan akipiga simu, alijibiwa "tunamshukuru Mungu," kisha kimya.

Ikapita miezi. Siku moja, bila taarifa, mzee akatokea ofisini. Alivaa suti yake ya misibani, na mikononi alibeba sufuria ya majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, imefungwa kwa taulo. Hala ndiye aliyempokea, akamkalisha, akamletea kahawa.

"Binti yangu, niambie ukweli," mzee akanong'ona. "Mwanangu aliharibu nini?"

"Aliharibu kama tunavyoharibu sote, ami. Halafu akaniomba radhi mbele ya watu. Nimepita chini ya wakubwa wengi. Huyo ndiye wa kwanza."

Mzee alikuwa anamtazama mwanawe upande wa pili wa chumba. Rakan alikuwa amekaa na Yazan mbele ya kompyuta moja, Yazan anaandika, anakosea, anafuta, na Rakan anauliza: "Hapo mteja akiwa hana jina, itakuwaje?" Hakuwa amemwona baba yake.

"Mbona kakalia mikono?" mzee akauliza.

"Ndivyo anavyojizuia, asimnyang'anye mwenzake kibodi."

Abu Rakan akacheka hadi akatoa leso. Rakan akageuka kwa kicheko kile, akasimama ghafla, kiti kikaanguka.

Walikula majani ya mzabibu wote pamoja, kwa mikono, juu ya meza ya mikutano. Jioni Rakan akamrudisha mzee nyumbani kwa gari. Wakasimama kwenye taa nyekundu.

"Ulipokuwa bosi," mzee akasema, akitazama mbele, "sauti yako kwenye simu ilikuwa ya mtu aliyekwama kwenye lifti. Niliisikia. Nilinyamaza kwa sababu lile jina la bosi lilinikalia vizuri."

"Hata mimi lilinikalia vizuri, baba. Kwa siku chache."

Mzee akaweka mkono juu ya mkono wa mwanawe, pale kwenye gia.

"Basi nieleze. Hiyo kazi yenyewe ikoje? Kidogo kidogo, nisipotee."

Rakan akaanza. Taa ikageuka kijani, magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

"Waache," mzee akasema. "Malizia hapo kwanza."