Kipande cha Atuganile

Asukile alipoacha kazi ya sinema mwaka 1956, watu wa Mbeya walisema amefukuzwa. Wengine wakasema pombe. Waongo wote. Mimi Silvester Kalinga, Mhehe wa Iringa, nilikuwa dereva wa gari lile la sinema la serikali, lililozunguka vijijini, miaka minne, na siku aliyoacha, pale Ilomba, nilikuwepo. Tena mkosaji mmojawapo ni mimi.

Yeye alikuwa Mnyakyusa aliyekulia Ilomba, nje kidogo ya Mbeya, enzi hizo bado mashamba. Kwa utani wa makabila yetu aliniita mla mbwa, nami nikamwita mla ndizi, kisha tukala sahani moja. Mimi nilisimika miti na kutandaza shuka nyeupe, yeye akaendesha mashine na kusema kwenye kipaza sauti, maana filamu zetu zilikuwa bubu.

Siku ya kwanza kabisa alininyooshea utepe wa filamu juani. "Tazama, Kalinga. Hizi ni picha zilizosimama. Kumi na sita hupita kila sekunde, na hakuna hata moja inayotembea. Taa ikiwa nyuma yake na mashine ikizivuta upesi, jicho lako ndilo linalozitembeza."

Nilibisha sana. Nilikuwa nimeona ng'ombe akitembea kwa macho yangu mawili! Lakini nilipotazama utepe, ng'ombe alikuwa amesimama, mguu juu, picha baada ya picha.

Mwaka 1954 Mzungu mpiga picha alikuja Ubaruku kutengeneza filamu ya mavuno ya mpunga, na Asukile akawa mkalimani wake. Mke wa Asukile, Atuganile, alikuwa amekwenda huko kumtembelea kaka yake. Mzungu akamwomba apite na ungo wa mpunga kichwani, asitazame kamera. Alipita vizuri mpaka alipofika karibu. Hapo akamwona mumewe amesimama kando ya kamera, amekunja uso kiserikali, akashindwa kujizuia. Akacheka, akimtazama usoni. Mzungu alikasirika, ila hakukitupa kipande kile.

Miezi mitano baadaye Atuganile alifariki akijifungua, yeye na mtoto. Sisi tulikuwa Idodi. Habari zilipotufikia, siku mbili zilikuwa zimepita tangu azikwe. Asukile alilia kutoka Idodi hadi Iringa, nami nikaendesha, utani nimeuweka kando.

Filamu ilifika mwaka uliofuata, kwenye mkebe kutoka Dar es Salaam. Tuliijaribu kwenye ukuta wa stoo pale Iringa. Kwanza alionekana Ambrosi, mkulima wa Ubaruku, akiacha kuvuna, akiinua kichwa na kutabasamu. Mara akatokea Atuganile na ungo wake, akacheka. Sekunde nane tu. Kisha ng'ombe.

Ambrosi hakuwahi kukutana na Atuganile hata siku moja. Alipigwa picha wiki nyingine kabisa. Lakini yule aliyekata na kuunga filamu aliwaweka pamoja, na kila aliyeitazama aliona mke anampelekea mumewe chakula. Hata karatasi ya maelezo iliandikwa hivyo. Basi Asukile akawa anasimama mbele ya watu kila jioni na kusema kwenye kipaza sauti, "Mke wa mkulima anafurahia mavuno." Mke wake mwenyewe!

"Ndiyo kazi ya kuunga," aliniambia. "Ukiweka picha hii kando ya ile, watu wanaona ndoa."

Nilimchukia Ambrosi, maskini, na hakunikosea kitu. Lakini Asukile hakulalamika. Zile sekunde nane ndizo alizokuwa nazo. Kila utepe ulipokatika, ilibidi kupunguza picha kadhaa ndipo uungwe kwa gundi, na yeye aliomba Mungu ukatike pengine popote ila pale.

Ndipo zamu ya Ilomba ikafika. Baba yake, mzee Isakwisa, aliishi huko. Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Miaka sita Atuganile aliishi kwenye boma lile, na mzee hakuwahi kuuona uso wake. Kila alipokaribia kona ya nyumba, mzee alikohoa na kusimama. Atuganile alisikia, akakimbilia migombani, ndipo mzee akapita. Hata siku ya mazishi, mzee alikaa nyuma ya nyumba.

Mimi mila hiyo sikuijua. Siku mbili kabla ya onyesho nilipita kwake, nikamwambia kwa furaha, "Mzee, keshokutwa utamwona mkamwana wako kwenye sinema." Akageuka, akaingia ndani. Nikajua nimemuudhi, nami nikamficha Asukile habari hiyo.

Jioni ya onyesho nikamkuta Asukile garini na mkasi.

"Namtoa," akasema. "Siwezi kumwaibisha mzee mbele za watu. Na mke wangu alijificha maisha yake yote, leo nimwanike?"

Ningemwambia hapo kwamba mzee anajua. Sikumwambia. Akakikata kipande, akakitia mfukoni, akaunga ncha zilizobaki kwa tone la mwisho la gundi. Nyingine ilikuwa imekauka, kwa sababu niliacha chupa wazi kwenye joto la Idodi.

Mzee Isakwisa alikuja na koti lake la ibada, akakaa mbele kabisa. Ambrosi akainua kichwa, akamtabasamia ng'ombe. Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Alikaa pale mpaka nilipoikunja shuka.

Asubuhi alikuja garini.

"Asukile mwanangu, alipita? Macho yangu mabovu. Labda alipita sikumwona."

"Tata, nilimkata. Kwa ajili ya mwiko."

Mzee akakaa chini kwenye nyasi. "Niliwauliza wazee wenzangu. Wakasema kifo kimeondoa mwiko, nenda ukamwone. Miaka sita nilikula chakula chake, mwanangu. Sauti naijua. Mwendo naujua. Uso tu."

Asukile akarukia chupa ya gundi, akaikuna kwa kisu. Tulijaribu ulimbo wa ndege, ukachafua utepe na kuachia. Na kipande kifupi hakipiti kwenye mashine peke yake. Kukisimamisha mbele ya taa ni kukiunguza. Mchana ule filamu ilitakiwa stesheni ya mabasi, irudishwe Dar es Salaam.

Asukile akampa baba yake kipande kile. "Mwinue juani, Tata. Yumo humo."

Mzee akasimama. Lakini kabla ya kukiinua aligeuza uso pembeni, akakohoa, kama alivyokohoa miaka yote kwenye kona ya nyumba. Akasubiri kidogo, ampe nafasi. Kisha akakiinua juani, akakikodolea macho yake yenye ukungu muda mrefu.

"Simwoni uso," akasema. "Naona kivuli kidogo, kimesimama." Akakishusha, akamrudishia mwanawe kwa mikono miwili.

"Nimekohoa, Asukile. Hajakimbia."