Boksi Nililolikalia

Nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Vita vilitutenganisha Bukavu, mimi na kaka yangu, nikadhani amekufa. Kumbe yu hai Ubelgiji! Akanipigia simu: "Dada, nimekutumia koli ya nguo." Nililia kwa furaha, kisha nikaanza kukingoja hicho kifurushi.

Kila nikitoka kuuza samaki sokoni Kamembe, nilipitia ofisi ya vifurushi. Niliketi juu ya boksi moja mlangoni, bila hata kulitazama, nikafoka: "Koli ya Maman Aline iko wapi? Muliikula?"

"Haiyafika, Maman," Papa Eric wa dirishani alinijibu kila mara. Miezi ikapita hivyo.

Jana nimeketi palepale, naitukana posta ya dunia nzima, Papa Eric akaniomba kwa upole: "Maman Aline, utusaidie. Unajua bantu bengi kule soko. Hiyo boksi unaikalia ni ya mwanamke moja, Feza. Tumemutafuta, hatumuoni. Kesho tunairudisha Ulaya."

Feza! Tangu nimzae Aline hakuna aliyeniita hivyo. Lakini kaka yangu alinipoteza kabla sijawa mama wa mtu.

"Papa Eric," nikanong'ona, "Feza ni miye."

Foleni nzima ikageuka kutazama makalio yangu.