Sahihi ya Gaynor kwenye Ukurasa wa Kumi na Tisa

Kerris Ormerod alikuwa na shahada ya viumbe vya baharini ambayo hakuitumia hata siku moja. Alirudi nayo kwao Fleetwood, mji wa bandari ya wavuvi, akiwa na miaka ishirini na miwili, akakuta kazi za samaki zimekwisha, akaingia nyumba ya wazee ya Marram House kuwahudumia kwa miezi miwili mitatu hivi, huku akitafuta kingine. Miezi hiyo ikawa miaka kumi na moja. Mimi nilikuwa chini, kwenye chumba cha kufulia. Tulizoeana, akawa ananiita shangazi, kwa sababu sote wawili tulipenda kula chakula cha mchana tumeegemea mashine ya kukaushia, palipo na joto.

Bibi yake, Edna, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, aliletwa kwetu alipopooza upande mmoja. Akapewa chumba namba tisa, ghorofa ya juu. Kerris alipangiwa ghorofa ya chini, maana haikuruhusiwa umhudumie ndugu yako. Kila akimaliza zamu alipanda kumchana nywele.

Mtu aliyepooza hugeuzwa kila baada ya saa mbili ili ngozi isioze. Mlangoni huning'inia karatasi, na anayemgeuza anaandika saa na herufi mbili za jina lake. Jumapili moja ya mwezi wa kwanza, watu watatu hawakuja kazini. Meneja wetu, Gaynor Threlfall, ambaye ni nesi aliyesajiliwa, alishuka na rundo la karatasi hizo kwapani. Akamwekea Kerris mbele.

"Jaza za juu, mpenzi. Mpaka saa kumi."

"Mimi sijapanda juu leo."

"Wanageuzwa sasa hivi tunavyoongea. Unataka wakaguzi waje wakute matundu? Jaza."

Kerris akajaza. Ya bibi yake ilikuwamo. Aliandika K.O. mara mbili, saa nane na saa kumi, akiamini kuna mtu huko juu anayemgeuza bibi yake. Hakukuwa na mtu. Na baadaye ikaja kujulikana kwamba haikuwa Jumapili hiyo peke yake. Machi, Edna alikuwa na kidonda mgongoni ambacho ungeweza kuingiza ngumi. Aprili damu yake ikaingia sumu, akafa.

Kampuni yenye nyumba ilipouliza, Gaynor alitoa karatasi zote, safi, zimejaa. Waliposema karatasi hazilingani na kidonda, akaonyesha zile K.O. mbili. Kerris akapewa onyo la maandishi kwa uzembe juu ya bibi yake mwenyewe.

Kwenye mazishi Gaynor alikuja, akala pai mbili za viazi na siagi, akamshika Kerris mkono. Nilikuwa nimesimama karibu nao na sahani.

"Nilisikia ulikuwa unafikiria unesi," alimwambia. "Usijisumbue, kipenzi. Kuwaosha wazee unaweza. Kule kwingine wanataka mtu wa kuaminika."

Kerris alisema asante. Lakini shingo yake ilipanda wekundu mpaka masikioni, nikajua hapo kuna kitu kimewekwa kwenye jokofu, hakitaoza.

Mwaka mzima hakusema neno. Halafu siku moja akashuka na karatasi za vyuo, akazitandaza juu ya mashine.

Mtu mwenye shahada ya kitu kingine anaweza kusoma unesi miaka miwili badala ya mitatu, mradi aoneshe kwamba ameshahudumia wagonjwa saa za kutosha, na nesi aliyesajiliwa athibitishe. Kerris alikuwa na saa hizo mara ishirini. Vyuo vilivyomfaa vilikuwa vitatu. Cha Leeds kilitaka shahada ya mambo ya afya, na samaki hawakuhesabiwa. Cha Liverpool kilikubali shahada yoyote, na kwa zile saa kilitaka barua moja tu ya nesi yeyote anayemfahamu. Cha Manchester kilitaka faili zima: kurasa arobaini za kazi alizofanya na tafakari zake, na chini ya kila ukurasa sahihi ya nesi mkuu wa mahali pa kazi.

"Basi Liverpool," nikasema. "Dada Philippa, nesi wa zahanati, atakuandikia hiyo barua kesho asubuhi."

"Naomba Manchester."

"Manchester wanataka Gaynor akusainie kurasa arobaini! Utampata wapi?"

"Soma chini hapo, shangazi."

Nilivaa miwani. Chini ya kila ukurasa palichapwa hivi: Nimesoma maelezo haya na ninathibitisha kwamba ni ya kweli.

"Gaynor hajawahi kusoma kitu anachosaini," Kerris akasema. "Miaka kumi na moja namtazama. Karatasi za dawa, za kugeuza, za zima moto. Anasaini huku anatafuna. Mimi nitaandika yote ya ile Jumapili. Rundo alilokuja nalo, maneno aliyosema, na kidonda. Na yeye atanithibitishia."

Niliketi. Mimi ni mtu wa kanisa, na nilijua ninachopaswa kumwambia. Nilipaswa kumwambia asamehe. Badala yake nikamuuliza, "Na wewe? Si umeandika herufi zako? Wakisoma hicho chuoni, watakuchukua?"

"Sijui."

"Hiyo ni nafasi yako, Kerris. Una miaka thelathini na mitatu."

"Ninayo faili moja, shangazi. Nafasi imo humo, na yeye yumo humo. Siwezi kutoa kimoja nikabakiza kingine."

Alipomwomba Gaynor, Gaynor alicheka mpaka akatoa leso. "Wewe? Na onyo lako? Haya, lete, nitasaini. Nataka kuona barua watakayokurudishia. Utanisomea hapa ofisini, tunywe chai."

Kurasa zilikuwa zikienda ofisini tano tano, kila saa tisa alasiri, wakati wa chai, Gaynor akiwa na rundo lake la kila siku. Niliingia siku ile ya ukurasa wa kumi na tisa nikiwa na taulo za jikoni. Mungu anisamehe, taulo hizo hazikuwa za siku hiyo, nilitafuta tu kisingizio cha kuwepo. Kerris alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono nyuma. Gaynor alikuwa na biskuti mkono mmoja, kalamu mkono mwingine. Kumi na sita, akasaini. Kumi na saba. Kumi na nane. Ya kumi na tisa akaishika.

"Mbona hii ndefu hivi? Umeandika nini?"

Kerris angeweza kusema lolote hapo. Alisema, "Nimeandika juu ya bibi yangu. Jinsi alivyokufa."

Gaynor alimtazama usoni, mara ya kwanza siku hiyo.

"Masikini," akasema. "Pole, mpenzi." Akasaini, akaweka tarehe, akapuliza makombo yaliyoangukia karatasi.

Tulipofika kwenye ngazi Kerris alinivuta kando. "Nilimwambia," alisema. "Wewe shahidi. Nilimpa nafasi. Macho yake yalikuwa mita moja na jina lake."

Usahili ulikuwa wiki sita baadaye. Alinisimulia alivyorudi, bado amevaa viatu vya kuazima. Walikuwa watatu mezani, na aliyeshika faili lake ni mwalimu mmoja wa makamo, Rosalind Akehurst, nesi wa miaka mingi. Kerris alikuwa amekariri kila kitu juu ya Gaynor kwenye treni kutoka Poulton, kituo cha jirani na kwetu. Mwalimu yule hakumuuliza hata kidogo juu ya Gaynor.

"Umeandika hapa kwamba ulitia herufi zako kwenye kazi ambayo hukuifanya wala kuiona," akasema. "Mgonjwa alikuwa bibi yako. Sasa nikupe mgonjwa wangu kwa nini?"

Kerris alisema maneno yote ya kwenye treni yalimtoka. Mmoja wao akamsogezea maji.

"Usinipe," akajibu mwishowe. "Kama mnaona sifai, msinipe. Ila hakuna mtu atakayenifanya niandike vile tena, hata akiwa ni wewe. Na ukurasa huo msiufungie kabatini."

"Unajua kwamba sheria yetu hainiruhusu kuufungia? Nikishausoma lazima niupeleke kwa wahusika."

"Najua. Ndiyo maana nimeomba kwenu."

Anasema mwalimu yule aliweka kalamu chini, akasema tu, "Haya. Asante kwa kuja," kama wanavyosema kwa kila mtu.

Wakaguzi walikuja Marram House Jumanne, bila taarifa. Walikaa siku tatu. Siku ya pili mmoja wao, mwanamke mwenye daftari, akashuka kwangu, akaniuliza kama nakumbuka Jumapili ile. Nilikuwa nimeikumbuka kwa miezi kumi na saba. Mgonjwa akigeuzwa, shuka yake hubadilishwa au angalau kile kitambaa cha chini. Hushuka kwangu kwenye mfuko wenye namba ya chumba. Nilimwambia kwamba siku ile, tangu asubuhi mpaka nilipofunga, hakuna mfuko wa namba tisa ulioshuka. Wala Jumapili iliyofuata. Nilimwambia pia kwamba sikuwahi kumwambia mtu, kwa kuogopa kazi, na kwamba hilo aliandike.

Gaynor aliposimamishwa kazi alipitia kwangu kuchukua makoti yake. Kerris alikuwepo, anakula.

"Umenitega," Gaynor akasema. Alikuwa na ule ukurasa, nakala yake, ameukunja mara nne. "Kinyoka wewe. Ulikuja na uso wa msiba ukanitega."

"Uliniuliza nimeandika nini. Nikakwambia."

"Hukusema na mimi nimo!"

"Ulikuwemo mistari kumi na saba, Gaynor. Nilihesabu."

Gaynor akanigeukia mimi. "Na wewe! Na Biblia yako kwenye mfuko wa aproni! Kutwa kusali!"

"Ndiyo, meneja," nikasema. "Na nilisali itokee hivi hivi."

Nilitubu baadaye, nilitubu kweli. Lakini wakati nayasema yalikuwa matamu, na sitaandika hapa kwamba hayakuwa.

Barua ya Manchester ilifika Agosti. Kerris aliniletea haijafunguliwa, akaniwekea mkononi, akageukia ukuta. Nilisoma kwa sauti. Amekubaliwa. Alipiga kelele, nikamwambia ngoja, kuna ukurasa wa pili. Ukurasa wa pili ulisema saa zake za Marram House haziwezi kuhesabiwa hata moja. Kwa kuwa imeonekana nesi aliyezithibitisha husaini bila kusoma, sahihi zake zote arobaini hazina uzito. Ataanza mwanzo kabisa, miaka mitatu, pamoja na vijana waliotoka shuleni juzi.

Nilidhani atalia. Alicheka, akaketi sakafuni kati ya vikapu.

"Wana haki," akasema. "Nimethibitisha mwenyewe kwamba mkono wake haufai, halafu nataka wanihesabie mkono wake!"

"Ungeenda Liverpool ungekuwa nesi mwaka mmoja kabla."

"Na yeye angekuwa hapo juu anakula biskuti. Mwaka mmoja, shangazi? Nautoa. Ningetoa na wa pili."

Baraza la wauguzi lilimwita Gaynor mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Kerris aliomba ruhusa chuoni, akaja na sare yake ya mwanafunzi, imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama. Hakulazimika kuivaa. Aliketi kiti cha mbele, mahali ambapo Gaynor hangeweza kuinua macho bila kuiona. Mimi nilikaa pembeni yake na mfuko wa keki.

Mwenyekiti wa kikao alimpa Gaynor ukurasa wa kumi na tisa na kumuuliza swali moja, kwa upole.

"Uliposaini hapa, ulikuwa umesoma?"

Akisema ndiyo, amekubali kwamba yote ni kweli. Akisema hapana, amekubali kwamba anathibitisha asichokijua, na kama ni hivyo karatasi zake zote za miaka yote zina thamani gani? Gaynor akamtazama wakili wake, na wakili akawa anatafuta kitu kwenye mkoba. Nilimwona Kerris anavyomtazama, bila kupepesa, kama mtu anayekunywa maji baada ya kutembea siku nzima.

"Sikusoma," Gaynor akasema.

Wakaliondoa jina lake kwenye daftari la wauguzi alasiri ile ile.

Mlangoni palikuwa na karatasi ya kusaini kutoka, jina na saa tu, kama ilivyo kila ofisi. Gaynor alikuwa mbele yetu. Karani akampa kalamu. Hakusaini. Aliinua ile karatasi, akaisoma kutoka juu, polepole, midomo ikicheza. Akaigeuza nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu, naye akapakagua pia. Tulikuwa tumesimama nyuma yake na makoti yetu, na treni yetu ilikuwa imebakiza dakika kumi na mbili.

"Usiharakishe, mpenzi," Kerris akamwambia. "Soma vizuri. Sisi tutangoja."