Upande wa Nyuma wa Kigae

Harufu ya udongo mbichi uliofunikwa kwa majani ya migomba yaliyoloweshwa bado inanijia puani, na mimi leo ni bibi mwenye wajukuu. Kwetu, karibu na Matema, wanawake walifinyanga vyungu na wanaume walivua, na vyungu vikishachomwa vilipelekwa kwa mtumbwi sokoni Lyulilo. Ilikuwa enzi ya Mwingereza. Mama alifinyanga, mimi nilisugua vyungu kwa kokoto laini za ziwani hadi ving'ae, na mdogo wangu Atupele, wa miaka saba, eti alinisaidia. Kunisaidia! Alisugua mara tatu akaruka, akafukuza kuku, akaingia ziwani na nguo zake, akarudi kuuliza maswali kumi bila kungoja jibu hata moja. Vyungu vibichi alivyovivunja yeye ni vingi kuliko vya mbuzi wote wa jirani. Lakini aliimba tangu anapofumbua macho, na aliogelea hadi wavuvi wakamwita samaki. Nilimpenda mpaka nikachoka naye.

Mwalimu wa shule ya kijiji alimvumilia majuma mawili tu. Alimrudisha nyumbani akiwa amemshika mkono, akasema, "Mama Subilaga, mtoto huyu akili anazo, makalio ndiyo hana. Akijua kukaa kitako, mleteni tena." Subilaga ni mimi. Watu walicheka, Mama hakucheka. Yeye hakusoma, na alikuwa ameapa kwamba binti zake watasoma. Tukaenda zahanati. Dresa, ndiye mtoa dawa wa pale, mzee mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, alitupa chupa ya dawa chungu ya kumtuliza. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa nilijua kuhesabu. "Binti, dawa isiyoangaliwa ni sumu. Kila siku weka alama, anainuka mara ngapi mama yako akifinyanga chungu kimoja. Na upande wa nyuma, weka alama kila akikataa chakula au akisinzia mchana. Huko nyuma ndiko nitakakotazama zaidi. Umenielewa?" Nikajibu "Ndaga", ndiyo asante yetu, nikatoka nikijiona daktari.

Karatasi hatukuwa nayo, udongo tulikuwa nao tele. Kila Jumatatu Mama alinitandazia kigae cha udongo mbichi, nami nikakitia alama kwa bua la nyasi na kukifunika kwa majani mabichi pamoja na vyungu, kisikauke kabla ya juma kwisha. Jumamosi nilikianika juani, Jumatatu tukakipeleka kwa dresa. Juma la kwanza Atupele aliinuka mara kumi na moja kwa chungu kimoja. Juma la pili, mara nne. La tatu alikaa kitako tangu udongo ni bonge hadi chungu kina mdomo. Mama alipiga vigelegele! Mwalimu alipita kujionea, akasema, "Jumatatu aje."

Upande wa nyuma nao ulikuwa unajaa. Wali ulibaki bakulini. Alisinzia kokoto ikiwa mkononi, mate yakimtoka. Tena alikuwa ameacha kuimba, ila hilo dresa hakuniambia nilihesabu. Nikaogopa. Dresa akiziona alama hizi atakata dawa, Atupele ataanza kuruka tena, na shule ndiyo basi. Udongo uwahi ungali maji, husema wazee, nami niliuwahi. Ijumaa ya juma la pili nililowesha kidole gumba nikalainisha mgongo wa kigae, alama zote zikapotea. Dresa alikigeuza, akatabasamu, "Vizuri sana, binti," akatujazia chupa. Ijumaa iliyofuata nikarudia.

Jumamosi ile kigae kilikuwa juani, na mimi nilikuwa nashona pindo la gauni lake la shule. Atupele alishuka ufukweni kuosha kokoto, kama hatua ishirini kutoka nilipokaa. Maji ya magoti, jamani, maji ya magoti! Sikusikia kishindo wala ukelele, na mtoto yule maisha yake yote yalikuwa kelele. Ukimya ndio ulionishtua, na nilipofika alikuwa amelala kifudifudi, kokoto bado ameishika.

Dresa alikuja msibani, akaomba kigae. Mama alikiokota pale uani nilipokianika, akakigeuza. Mfinyanzi anajua kila kidole kilichopita kwenye udongo wake. Alitazama ule mgongo laini, akatazama kidole changu gumba. Hakunipiga. Laiti angenipiga! Alikiweka chini taratibu akaenda kuteka maji, na hadi anaingia kaburini hakulitaja neno hilo. Mficha ugonjwa kifo humuumbua. Mimi niliuficha, akaumbuka asiye na kosa.

Siku hizi hali kama ya Atupele ina jina hospitalini. Mjukuu wangu, hapa Kyela mjini, anayo, na ana dawa yake, na kila mwezi wanampima uzito na kutupa fomu ya kujaza. Dawa imemfaa, sikatai. Mwezi uliopita binti yangu alifika kwenye swali la chakula, kalamu ikasita. "Mama, tukiandika ukweli watampunguzia dawa, na mitihani ndiyo hii." Nilimnyang'anya kalamu. Nikaandika: hali chakula, anasinzia. Fomu haikuuliza habari za mluzi wake, ule unaonikera tangu alfajiri. Nikaandika pembeni, kwa herufi kubwa: siku ya nne leo hajapiga mluzi.