Chemchemi Yetu ya Mabamba

Miaka ya tisini, lori la mafuta lilipinduka kwenye barabara ya Mabamba, juu kidogo ya chemchemi tuliyokuwa tukinywa maji yake. Sote tulikimbilia madumu kuchota dizeli. Mama mmoja, mkimbizi kutoka Burundi, alikuja na jembe, akaanza kuchimba mfereji ili mafuta yasifike majini.

“Mama, chota na wewe, ni ya bure,” jirani yangu alimwambia.

“Na kesho watoto wako watakunywa nini?” alijibu bila kuinua kichwa.

Jirani akaweka dumu chini, akaenda kuleta jembe. Nasi tukamfuata. Lakini tulikuwa tumechelewa, na chemchemi ile haikupona. Dizeli tuliyochota iliisha upesi. Maji yale nayatamani hadi leo, yalivyokuwa baridi hata mchana wa jua kali.