Kabula na Nyumba Isiyoitika Salamu

Saa nne asubuhi jua la Bariadi limeshapanda bei, na Kabula Bujiku anapanda juu ya kreti la soda. Mkono mmoja umeshika kipaza sauti kilichofungwa kwa solotepu, mwingine umeinua sufuria kubwa ya harusi. Anaitazama sufuria hiyo kwa uzito wa mtu anayekaribia kutangaza matokeo ya uchaguzi. Mnada mzima unatulia kidogo, mbuzi pia.

"Sufuria hii haina wivu!" anatangaza. "Haiulizi ulikuwa wapi, haikagui simu yako! Baba wa koti la kijani, mwangaluka!"

Mzee wa koti la kijani anageuka nyuma kutafuta anayepewa salamu hiyo ya asubuhi ya Kisukuma.

"Ni wewe, baba, usimtafute mwingine! Itikia kwanza, bei baadaye!"

"Mwangaluka, mayu," anaitika mzee, akimwita mama huku akicheka. "Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu! Haya, elfu thelathini, na kifuniko nakupa kwa sababu una adabu."

Kabula, mwenye umri wa miaka arobaini na minne, ni mnadi wa vyombo. Sufuria si zake, spika si yake, hata kreti ni la muuza soda wa jirani. Chake ni sauti tu. Wafanyabiashara humkodi awaitie wateja katika minada ya Bariadi na vijiji vya jirani, naye hupata elfu kumi na tano siku ikichangamka, na elfu nane siku mvua inapoamua kuhudhuria.

Ana sheria moja isiyo na rufaa: hauzi kitu kwa mtu ambaye hajaitika salamu yake. Wateja wanaiona ni mbwembwe za biashara. Binti yake Precious, mwenye miaka ishirini na mbili, aliiona hivyo pia mpaka mwezi uliopita.

Sauti hiyo ilizaliwa Mkula, wilayani Busega, katika mashamba ya pamba. Enzi hizo, anasimulia, hakuna aliyepalilia shamba lake peke yake. Vijana walikwenda kwa kikundi, leo kwa huyu, kesho kwa yule, majembe yakipanda na kushuka kwa mdundo wa wimbo. Kabula ndiye aliyeanzisha, wengine wakipokea.

"Nilikuwa naanza wimbo huku, watu wa bonde la pili wanapokea bila kutuona," anasema, na uso wake unarudi usichana. "Mchana tunakula michembe ya viazi vikavu na karanga kwenye kivuli, tunacheka mpaka tunapaliwa. Njaa ilikuwepo, nisikudanganye. Ila ilikuwa njaa yenye kelele."

Kijana mmoja mgeni kutoka Shishiyu, wilayani Maswa, alikuja kusaidia shamba la mjomba wake. Jina lake Marcelo. Kila Kabula alipoanzisha wimbo, Marcelo aliongeza ubeti wa uongo: kwamba jembe la Kabula limeomba likizo, kwamba ng'ombe wa baba yake wamemchagua yeye Marcelo kuwa mwenyekiti. Shamba zima lilianguka kwa kicheko.

"Ukiniuliza ninachokikumbuka kwa huyo mwanaume, sianzi na ubaya," anasema Kabula taratibu. "Naanza na zile nyimbo. Bado nazicheka. Kuna siku najipitia zangu na sufuria kichwani, nakumbuka hilo jembe la likizo, nacheka barabarani kama mwendawazimu."

Walioana, wakahamia Shishiyu. Mwaka wa pili, siku ya kuuza pamba, Kabula alitaniana na karani wa mizani kama alivyozoea kutaniana na kila kiumbe chenye masikio. Waliporudi nyumbani Marcelo hakusema neno. Asubuhi Kabula akapiga magoti kumwamkia: "Mwangaluka." Marcelo akavaa viatu, akatoka.

Mara ya kwanza ilikuwa siku tatu. Baadaye ikawa mwezi, kisha majira mazima. Hakutukana, hakuinua mkono, hakulewa. Majirani walimsifia kwa upole. Akitaka maji, alimtuma mtoto, hata kama Kabula amesimama mbele yake na kata mkononi.

"Mwambie mama yako alete maji."

Precious, akiwa na miaka minne, mitano, alikuwa anageuka nusu hatua na kurudia: "Mama, baba anasema ulete maji." Marcelo alikuwa akimpigia makofi kwa kufikisha ujumbe vizuri.

Pamba waliyolima wawili ikawa inauzwa na mmoja. Kabula aliona magunia yakitoka, hakuona kilichorudi. Kwenda Mkula kuwasalimu wazazi kukawa ni kosa lisilotajwa jina. Mama yake mdogo alipofariki, Kabula alikuwa ameshafunga kanga ya safari alipomwona mtoto amesimama mlangoni.

"Mama, baba anasema haendi mtu."

Hakwenda. Hapo ndipo, anasema, alipoacha kuimba hata akiwa peke yake kisimani.

Alipopeleka malalamiko kwenye kikao cha ukoo, aliulizwa swali ambalo kila mtu aliona ni la haki kabisa: "Amekupiga? Tuonyeshe alama."

Kabula alitazama mikono yake. Haikuwa na kitu. Shangazi mmoja wa Marcelo akapiga kofi la paja: "Mwanamke, wewe umepewa mume mkimya unalia? Wangu ananguruma kama trekta tangu saa kumi na moja! Tubadilishane!" Kikao kikacheka, na kesi ikawa inaelekea kufia kwenye kicheko hicho.

Aliyeiokoa ni mama mkwe. Nyanjige, aliyekuwa akilala nyumba ya pili ndani ya boma hilohilo, alisimama kabla hajaombwa.

"Marcelo nimemzaa mimi," alisema. "Nyumba yangu na yao zinatazamana. Kila asubuhi nasikia mwangaluka ya huyu mke. Sijasikia ya pili. Mnataka alama? Kaeni pale kwangu kesho alfajiri, mtege masikio."

Hakuna aliyekwenda kutega masikio. Kwa Wasukuma, mtu humwitikia salamu hata adui aliyekutana naye njiani. Kumnyima mkeo ni jambo ambalo wazee wale hawakutaka kulisikia likithibitishwa. Kabula akaruhusiwa kuondoka na mtoto, wakaja Bariadi.

Hata hivyo hakujua alichokimbia kinaitwaje. Alikuja kujua akiwa kazini, na kwa sauti yake mwenyewe.

Miaka michache iliyopita maofisa wa ustawi wa jamii walikuja mnadani kutoa elimu kuhusu ukatili wa majumbani. Dada aliyetumwa alikuwa na elimu kubwa na sauti ndogo sana, ya kufaa maktaba. Ng'ombe wawili tu wakilia, anafutika. Ikabidi wamkodi Kabula: dada anasema sentensi, Kabula anaipaza na kuitia Kisukuma.

Kazi ilikwenda vizuri. Ukatili wa kimwili: kupiga, kuchoma, kusukuma. Kabula akapaza. Wa kingono: kumlazimisha mwenza tendo asilolitaka, hata kama ni mkeo wa ndoa. Kabula akapaza, wanaume kadhaa ghafla wakavutiwa na bei ya kamba. Wa kiuchumi: kuuza mazao mliyolima wote na kumnyima mwenzako sauti juu ya pato. Hapo akapaza polepole.

"Wa kihisia," akasema yule dada. "Kumdhalilisha, kumtisha, kumtenga na ndugu zake, kumnyamazia kwa muda mrefu ili kumwadhibu."

Spika ikakaa kimya. Watu wakadhani betri imekwisha. Fundi mmoja akaanza kuja na waya.

"Nilikuwa natafuta Kisukuma chake," Kabula anaeleza. "Mwisho nikasema hivi: ni pale mtu anapokunyima salamu ndani ya nyumba yako mwenyewe. Wanawake wa upande wa viazi wakaguna wote kwa pamoja. Nikajua sikuwa peke yangu."

Kitu kimoja hakukifanya: hakumwambia Precious. Marcelo bado yuko hai, na humpigia binti yake simu kila sikukuu kwa sauti ya asali. Kabula hakutaka kumpokonya mtoto baba yake. Matokeo yake Precious alikua akiamini kwamba mama yake alimwacha mwanaume mpole bila sababu.

Mwaka huu akaja Fredrick. Ni kijana wa ofisini, shati limenyooka utadhani limetoka kwa seremala, anasalimia kwa mikono miwili. Alipeleka posa, na siku ya familia yake kuja kuhesabiana ng'ombe ikapangwa Jumapili.

Ila Kabula aliona vitu. Precious, anayeuza katika duka la dawa mjini, aliacha kwaya kwa sababu Fredrick "hapendi achoke". Akabadilisha laini ya simu. Mshahara wake akawa anamkabidhi Fredrick "amtunzie". Kisha ukaja uamuzi kwamba baada ya ndoa kazi ya duka haina maana.

"Mwanangu, huyu anakupunguza kidogokidogo," Kabula alimwambia jikoni.

"Mama, hajawahi hata kunipandishia sauti."

"Hata baba yako hakunipandishia."

"Si ndiyo!" Precious akageuka. "Baba hakukupiga hata siku moja na bado ulimkimbia! Sasa unataka na mimi nikimbie kama wewe?"

Kabula akageukia sufuria yake jikoni. Siku zilizofuata alimwangalia binti yake akishona gauni la kupokelea wageni, na anakiri kwamba aliogopa kuliko alivyoogopa Shishiyu. Kule alikuwa anapotea yeye tu.

Jumanne ya wiki hiyo, Fredrick alipita dukani akamkuta Precious akicheka na mteja, kijana aliyesoma naye sekondari. Alisubiri mteja aondoke. Kisha akamgeukia Justina, mfanyakazi mwenza wa Precious, na kusema kwa upole wake wote:

"Dada Justina, mwambie mwenzako nitapita jioni."

Precious alikuwa amesimama hapohapo, kiwiko chake kikigusa cha Justina.

"Nikasubiri Justina aniambie," Precious anasimulia. "Naye akanitazama kama anauliza, nikuambie kweli? Nikakumbuka kata ya maji. Nikakumbuka nilivyokuwa nageuka nusu hatua. Mimi maisha yangu yote nimeukumbuka ule kama mchezo wetu na baba. Nilikuwa naupenda."

Hakusubiri jioni. Alivuka mji kwa bodaboda akiwa na koti jeupe la duka, akapenya katikati ya wateja hadi kwenye kreti la soda, Kabula akiwa anasifu beseni.

"Mama," akasema, "kumbe haikuwa mchezo."

Kabula akashuka na kumkumbatia, na kwa haraka hiyo akasahau kuzima kipaza sauti. Mnada wote, kuanzia wauza dagaa mpaka zizi la ng'ombe, ukasikia mama na binti wakilia. Kutoka upande wa mitumba mtu akapaza sauti kwa wasiwasi wa kweli: "Mchezo gani jamani? Nani amefunga?"

Ndipo wakacheka, huku wanalia.

Mshenga wa Fredrick, Mzee Selestini, alifika nyumbani kwao Alhamisi baada ya kusikia kwamba Jumapili kuna mashaka. Alikaa, akakunja kofia, akauliza kwa huzuni ya heshima: "Kijana wetu amekosa nini? Amempiga?"

Kabula alifungua mdomo. Precious akamgusa goti.

"Hajanipiga, baba," alisema Precious. "Nisamehe kwa usumbufu wa safari, lakini sikupi ujumbe wa kumpelekea. Namba yake ninayo."

Akapiga hapohapo, mbele ya mzee. Fredrick alipopokea, Precious alimsalimu, akamwambia kwamba posa imeishia hapo, kwamba mshahara wake wa miezi mitatu aurudishe, na kwamba maneno hayo anayasema yeye mwenyewe. Upande wa pili ulikaa kimya muda mrefu. Precious hakukata. Alingoja mpaka Fredrick akalazimika kusema, "Nimesikia."

Mwezi wa tisa Precious anaomba kuingia chuo cha ufamasia. Amerudi kwaya, sauti ya pili, na Kabula anadai kwamba kwa sauti ile angestahili ya kwanza. Jioni wanapomenya viazi humwuliza mama yake habari za Mkula, naye humwimbia zile beti za zamani, pamoja na ile ya jembe. Wanacheka. Precious bado anapokea simu za baba yake. Siku hizi humwuliza maswali.

Kuhusu mkwe, Kabula hajafunga mlango. Anaweka viazi chini, anafuta mikono, na kutamka sharti lake kama anayesoma hukumu.

"Akija mwingine, ng'ombe watahesabiwa baadaye. Kwanza nataka wagombane mbele yangu, hapa uani. Nikae kwenye kigoda changu nisikilize huyo kijana anavyogomba, na huyu anavyomjibu."

"Mama!" anasema Precious.

"Nataka nisikie wote wawili."